London kwa Siku Mbili, Bila Kiingilio

Sisi watu wa Afrika Mashariki tumekuwa tukiandika kuhusu miji ya Ulaya kwa zaidi ya karne moja. Salim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na Mjerumani, na habari za safari yake zimo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokusanya Carl Velten na kukichapisha mwaka 1901. Mwaka 1902 Ham Mukasa aliandamana na Katikiro Apolo Kagwa wa Buganda kwenda London kwenye sherehe za kumtawaza Mfalme Edward wa Saba. Aliandika kwa Kiganda, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 1904. Ukiwasoma watu hawa utawapenda. Wana macho ya mtoto na akili ya mtu mzima, na kitu kinachowabeba kutoka ukurasa hadi ukurasa ni mshangao.

Nilipokwenda London Februari iliyopita nilijua kwamba mshangao nao utanijia tu, upende usipende. Lakini mimi ni mtoto wa Maganzo na Katoro. Mama yangu alizaliwa Maganzo, pale barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza inapopita karibu na mgodi wa almasi wa Mwadui, na ujanani alichekecha changarawe kutafuta vijiwe ambavyo wengine hawakuviona. Baba yangu alichimba dhahabu Geita kwa miaka 21. Kwa hiyo nilikuwa na shughuli mbili za kufanya mjini: kutafuta almasi ya babu na kunyanyua dhahabu ya baba. Vingine vyote, Big Ben, madaraja, mabasi mekundu ya ghorofa, ningeviona njiani.

Nisikudanganye, bajeti nayo ilikuwa na kauli yake. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili ya takwimu huko Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na posho yangu naijua mpaka senti ya mwisho. Nilipanda basi la usiku, nikashuka Victoria alfajiri shingo ikiwa imekakamaa, mkononi nina karatasi niliyoandika sehemu zisizo na kiingilio. London ina jambo hili zuri ambalo watu hawalisemi vya kutosha: makumbusho zake nyingi kubwa ni bure. Unaingia, unatazama, unatoka, hakuna anayekuuliza kitu.

*

Nianze na almasi.

Babu mzaa mama alikuwa kibarua Mwadui miaka ya 1950. Alipenda kutusimulia habari za Mwadui ya wakati ule: mji ndani ya uzio, wenye hospitali yake, shule zake na uwanja wake wa ndege. Mwenye mgodi alikuwa John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliyeigundua almasi ile mwaka 1940 na kuendesha mgodi mpaka alipofariki mwaka 1958. Lakini hadithi ambayo babu hakuchoka kuirudia ilikuwa ya jiwe la waridi. Alikuwa akisema, "Almasi yetu iko kwa Malkia," kwa sauti ile ile ambayo mtu husema binti yake ameolewa mbali.

Nilipokua nikaitafuta hadithi hiyo vitabuni, nikakuta babu hakutia chumvi. Jiwe lilipatikana Mwadui mwaka 1947, likiwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth, aliyeolewa Novemba mwaka huo huo. Lilikatwa London, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua, petali zake zikiwa almasi nyeupe. Limetajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa almasi bora kabisa za rangi ya waridi duniani.

Jumba la Buckingham liko mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha mabasi cha Victoria. Nilifika kabla watalii hawajajaa. Nilijua fika kwamba bruchi ile sitaiona. Si mali ya kuwekwa kwenye kabati la kioo kila siku; ilionyeshwa hapo Buckingham mwaka 2012, Malkia alipotimiza miaka 60 ya utawala, halafu ikarudi inakokaa. Mimi nilitaka tu kusimama mahali ambapo babu alipataja kwa miaka 40 bila kupaona. Nikasimama. Baridi ilikuwa ya kuchoma masikio. Mlinzi mwenye kofia ya manyoya alikuwa hatikisiki, na mimi nikajikuta namtazama kama babu alivyokuwa akitazama mvua za Novemba, akingoja dalili.

Kutoka hapo nikatembea hadi Westminster, nikapiga picha zile ambazo kila mtu hupiga, kisha nikafuata barabara ya Strand kuelekea mashariki. Strand inapokaribia kuwa Fleet Street kuna jengo kubwa la mawe lenye minara, kama kanisa. Ni majengo ya Mahakama Kuu. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko Buckingham, kwa sababu hapa watu wa kwetu wamefika kabla yangu, japo kwa karatasi. Mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi Mwadui huku Serikali yetu ikiwa na zilizobaki, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai yaliyofunguliwa katika Mahakama Kuu ya London. Wadai 71, ambao majina yao hayakutajwa, walikuwa wakilalamikia vitendo vya walinzi katika eneo la mgodi, vikiwemo vya kujeruhi na vya kuua. Kampuni ililipa bila kukubali kuwajibika kisheria.

Watalii walikuwa wakipita, wengine wakipiga picha ya mlango. Nilifikiria vijana wa Maganzo ninaowajua, wanaoingia usiku kwenye changarawe ya mgodi wakiwa na chekeche na tochi. Wengi wao hawajawahi kufika Dodoma. Na bado kuna jalada London lenye hadithi za watu kama wao, lililoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili.

Nikaendelea. Ukipita Hatton Garden, mtaa wa wauza vito, dirisha baada ya dirisha ni pete, utafika Clerkenwell. Humo ndimo ilimokuwa karakana ya Briefel na Lemer, waliolikata jiwe la Mwadui. Machi 1948 Binti Mfalme mwenyewe alikwenda na bibi yake, Malkia Mary, kulitazama likikatwa. Mimi nilikuta mitaa ya kawaida: ofisi, mikahawa, baiskeli zimefungwa kwenye vyuma. Hakuna nilichokiona, na wala sikuwa na hakika ni mlango upi. Nilinunua chai ya bei mbaya nikakaa dirishani.

Pale ndipo nilipoliona jambo ambalo lilikaa nami safari nzima. Jiwe lile linajulikana kwa jina. Huitwa Williamson. Tunamjua aliyelitoa, tunamjua aliyelipokea, tunawajua waliolikata na waliolitia kwenye bruchi, tunajua hata mwezi ambao Malkia Mary alikuja kulitazama. Katika maandishi yote niliyoyasoma sijamkuta mtu wa kwanza kuliona pale Mwadui. Mtu fulani aliinama, akaona rangi ya waridi kwenye kokoto, moyo ukamruka. Siku hiyo alirudi nyumbani, akala ugali, akalala. Angeweza kuwa jirani wa babu.

*

Usiku ule nililala Barking, mashariki mwa mji, kwa dada mmoja wa Kahama ambaye tulijuana kupitia rafiki wa rafiki. Analea wazee. Aliniandalia ugali na dagaa wa Mwanza ambao alikuwa amewaficha kwenye friza kama dawa ya dharura.

"Kesho unakwenda wapi, mdogo wangu?"

"Benki Kuu ya Uingereza, dada."

Akaacha kusonga. "Una hela kiasi hicho?"

Nikamweleza kwamba Benki ina jumba la makumbusho, na humo kuna tofali la dhahabu ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kulinyanyua. Amekaa London miaka tisa na hakuwa amelisikia. Akauliza kwa nini nisiende Mnara wa London, watu wote wanakwenda huko, kuna mataji. Kweli, kuna mataji, na kuna mawe mawili makubwa yaliyokatwa kutoka almasi ya Cullinan ya Afrika Kusini, moja la karati 530 na nyingine 317. Nikamtajia bei ya tiketi. Akacheka mpaka akakaa.

"Basi nenda huko kwenye tofali," akasema. "Halafu uniambie kama linanyanyulika."

*

Sasa nikueleze habari za baba, ili uelewe kwa nini tofali.

Baba alishuka duara kwa mara ya kwanza mwaka 1995, akiwa kijana aliyeshindwa na pamba. Wakati ule eneo lile halikuwa mkoa; Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012, ukikusanya wilaya zilizokuwa za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Dhahabu yenyewe ni ya zamani kuliko mipaka hiyo: wakoloni walikuwa na mgodi Geita tangu miaka ya 1930, uliokuja kufungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Baba hakuwahi kufanya kazi kwenye mgodi mkubwa. Alikuwa mchimbaji mdogo: Rwamgasa, Nyarugusu, kokote ambako watu walisema imetoka.

Asiyejua kazi hiyo, ni hivi. Mnachimba duara kwenda chini, mnaweka matimba kuzuia udongo, mnafuata mwamba. Mawe yanapandishwa kwa kamba ndani ya mifuko. Mifuko inagawanywa: mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji. Sehemu yako unaipeleka karashani ikasagwe iwe vumbi, kisha mwaloni ikaoshwe, kisha zebaki, kisha moto. Kinachobaki kinapimwa kwa pointi, na pointi kumi ndiyo gramu moja. Unaweza kuchimba miezi mitatu ukapata pointi nane. Unaweza pia usipate kitu.

Gramu 6 ndizo zilizonipeleka kidato cha tano: ada, godoro, sanduku na nauli. Naikumbuka namba hiyo kwa sababu mama aliisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, na hakuirudia tena.

Baba mwenyewe hakuwa msemaji wa mambo hayo. Alirudi nyumbani, akaoga, akauliza habari za shule. Mwaka 2009 alirudi kabla ya wakati wake, akakaa wiki tatu bila kutoka nje, na sisi watoto tukaambiwa tusimsumbue. Baadaye akaenda tena. Mwaka 2016 akaacha kabisa, kifua kikiwa kimeanza kumlemea. Daktari alisema ni vumbi la mawe, kwamba mapafu yamepata makovu na makovu hayaondoki. Siku hizi akipanda ngazi mbili za baraza ya nyumba yetu Katoro hupumzika katikati. Sentensi zake zimekuwa fupi, na sikuweza kujua kama ni pumzi au ni tabia.

Nilipoaga kwenda masomoni, hakuniomba simu wala koti. Alisema, "Ukiona dhahabu huko, angalia inakaaje."

*

Jumba la makumbusho la Benki Kuu ya Uingereza lina mlango wake upande wa Bartholomew Lane. Walinzi wanakagua mkoba, basi, umeingia. Kuna historia ya noti, kuna sarafu za kale, kuna maelezo ya mfumuko wa bei ambayo mimi kama mwanatakwimu niliyasoma mpaka mwisho. Chini ya majengo hayo, wanaeleza, kuna vyumba vya hazina vyenye matofali ya dhahabu yapatayo 400,000. Mengi ni amana za watu wengine: serikali za nchi nyingine, mabenki.

Tofali la wageni liko ndani ya kisanduku imara cha plastiki angavu chenye tundu la kupitisha mkono. Mbele yangu kulikuwa na kundi la watoto wa shule. Kila mmoja aliingiza mkono, akakunja uso, akacheka, akatoka. Zamu yangu ikafika.

Nikaingiza mkono wa kulia. Ni baridi, na ni laini kuliko nilivyotarajia, pembe zake zimelainishwa na viganja vya watu. Nikalikamata, nikanyanyua. Kwanza lilikataa, kwa sababu jicho lilikuwa limeniambia ni kitu kidogo, halafu likaja juu. Maelezo yanasema kilo 13. Nililishikilia hewani mpaka kiwiko kikaanza kutetemeka, na wazo lililonijia si la utajiri. Niliwaza ndoo. Kabla maji ya Ziwa Viktoria hayajafika Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele, mama alibeba ndoo ya lita 20 kichwani, mara mbili kwa siku, na ndoo iliyojaa ni kilo 20. Tofali la Benki Kuu ya Uingereza ni jepesi kuliko maji ya mama.

Nikatoka nje, nikatafuta ukuta usio na upepo, nikampigia baba. Kwetu ilikuwa saa tisa alasiri.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Umeamkaje huko?"

Nikamwambia nimelinyanyua. Kimya. Nikasikia redio nyuma yake, halafu nikasikia ameizima.

"Lina uzito gani?"

"Kilo kumi na tatu. Kama ndoo isiyojaa."

"Kilo kumi na tatu," akarudia, taratibu, kama mtu anayesaini. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Limeandikwa limetoka wapi?"

Nilikuwa nimeangalia. Matofali ya aina ile, yanayokubalika katika soko la London, hupigwa mihuri: namba yake, alama ya kiwanda kilicholisafisha, kiwango cha usafi wake, mwaka lilipotengenezwa. Basi. Mgodi hauandikwi. Dhahabu ikishayeyushwa huchanganyika; ya Geita, ya Ghana, ya hereni za bibi wa mtu fulani, yote huwa kitu kimoja. Almasi ya babu angalau ina historia inayoweza kufuatwa mpaka Mwadui. Dhahabu ya baba haina kwao.

"Haijaandikwa, baba."

"Eeh." Akakohoa, nikangoja. "Sasa bei wanapangia hapo hapo?"

Nikamweleza. Bei ya dhahabu inayofuatwa duniani hutangazwa London mara mbili kila siku ya kazi, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri kwa saa za huku. Akapiga hesabu ya tofauti ya saa haraka kuliko mimi: wakati wa baridi hiyo ni saa saba na nusu mchana na saa kumi na mbili jioni kwetu. Akacheka kwa mara ya kwanza. Alisema zamani, kabla Geita haijafunguliwa soko la madini mwaka 2019, mnunuzi mmoja alikuwa hapendi kununua mpaka ale chakula cha mchana, na wao walidhani ni mvivu. "Kumbe alikuwa anawangoja hao."

Halafu, bila mimi kuuliza, akaanza kusimulia.

Alitaja maduara kwa majina. Sikujua kama maduara yana majina. Moja waliliita Tegemeo, lingine Usiku wa Deni. Alisimulia hewa inavyokuwa nzito mita 40 chini, na jinsi mtu anavyoujua mwamba wenye kitu kwa sauti ya nyundo. Akafika mwaka 2009. Mvua zilikuwa zimenyesha siku nne. Yeye na mwenzake walikuwa wanapokezana. Baba alipanda kupumzika, mwenzake akashuka, na matimba hayakushika. Walichimba siku mbili kumtoa. Baba alisema jina la mtu huyo. Nilikuwa nimelisikia nyumbani utotoni, kwa sababu kuna mtoto wake mmoja ambaye mama alimlipia ada ya shule ya msingi, na sikuwahi kujua kwa nini sisi, ambao hatukuwa nacho, tulikuwa tunamlipia mtoto wa mtu mwingine.

"Ndiyo hivyo," akasema.

Nikamuuliza, kwa uangalifu, miaka yote 21, mgao wake ulifika kiasi gani. Akafikiri. Akasema haukuzidi nusu kilo, na hapo amejumlisha hata zile zilizoishia kwenye madeni kabla hajaziona. Samahani msomaji, nasoma takwimu, siwezi kujizuia: kwa kadirio hilo, tofali lile moja ni wanaume 26 kama baba, kila mmoja miaka 21 ya kushuka na kupanda. Nikamwambia hesabu hiyo.

"Mayu," akasema, "sisi tulikuwa tunabeba mawe. Dhahabu hatujawahi kuibeba. Wewe ndiye wa kwanza."

Tuliongea dakika 40. Tangu aanze kuumwa sikuwahi kumsikia akiongea zaidi ya tano. Mara mbili alisimama kuvuta pumzi, na mara zote mbili aliendelea mwenyewe. Mwishoni alikuwa amechangamka, akaniambia kwamba sasa Benki Kuu yetu nayo inanunua dhahabu ya ndani, na viwanda vya kusafisha vipo Mwanza na Geita penyewe. Akataka kujua kama na sisi tutaweka tofali watu walinyanyue.

"Wakiweka, nitakupeleka," nikasema.

"Nisiambiwe tu nilipe kiingilio," akajibu. Nyuma yake nikamsikia mama akicheka.

*

Wasomaji wa insha za safari mnapenda kujua mji wenyewe ukoje, na nina deni kwenu. London ni nzuri. Mto Thames una rangi ya chai ya maziwa. Treni za chini ya ardhi zina joto hata Februari. Ndani ya British Museum kuna jiwe la kukatia lililotoka Bonde la Olduvai, lenye karibu miaka milioni 1.8, na lina kibao kinachosema wazi limetoka Tanzania. Nililiona mchana ule baada ya kuongea na baba, nikafurahi kuliko nilivyotegemea, pengine kwa ajili ya kile kibao tu. Mtu aliyelichonga hana jina naye, lakini angalau mahali alipokaa pameandikwa.

Kwenye basi la kurudi Leeds nilitoa daftari nikaandika majina ya maduara yote aliyoyataja baba, kabla sijasahau, pamoja na miaka na watu aliokuwa nao. Yalikuwa kumi na moja. Mengine nimeyaandika kwa kubahatisha tahajia, kwa kuwa mtandao ulikuwa unakatika. Tangu siku hiyo tunapigiana kila Ijumaa, yeye anasahihisha na kuongeza, na daftari limefika ukurasa wa 30. Babu simpati tena kumuuliza habari za Mwadui, ila mama ameanza kukumbuka majina ya akina mama waliokuwa wakichekecha naye Maganzo. Nayo nayaandika.

Kama uko Uingereza kwa masomo na unakwenda London kwa siku mbili, jumba lile liko Bartholomew Lane, nyuma kidogo ya kituo cha treni cha Bank. Hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo usipange kwenda wikiendi. Hakuna kiingilio. Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kushuka chini, mpigie kabla hujaondoka pale mlangoni.